Kufunga foili kwenye ubao kwa kamba ya usalama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Foili ni mlingoti unaoshuka chini ya tumbo la ubao, wenye bawa la mbele na la nyuma mwishoni; ubao ukipata mwendo, mabawa hayo huuinua juu ya maji. Maswali haya ndiyo wanaoendesha foili huuliza tena na tena, hasa mtu anapopoteza foili yake au anapoponea chupuchupu. Mengi yanahusu kamba inayoishika foili isiachane na ubao. Kamba inayomshika mpandaji ina sehemu yake fupi, kwa sababu watu huzichanganya hizi mbili na mkanganyiko huo una hatari zake.

## Mambo ya msingi

Kamba ya usalama ya foili ni kitu gani hasa?

Ni kamba fupi, nyembamba na yenye nguvu inayounganisha foili na ubao bila kutegemea bolti. Foili nyingi hushikwa na bolti nne zinazopita kwenye bamba lililo juu ya mlingoti na kuingia kwenye nati za T ndani ya reli mbili zilizozamishwa tumboni mwa ubao. Bolti zikilegea, zikikatika, au reli ikang'oka, kamba hii ndiyo inayobaki. Siku zote nyingine imelala tu, haivuti wala haivutwi.

Si ndiyo ile ninayofunga mguuni?

Hapana. Ile ya mguuni au kiunoni inakuunganisha wewe na ubao, ili ukianguka ubao usikukimbie. Hii inaunganisha ubao na foili. Unaweza kuwa na kamba nzuri kabisa mguuni, ubao ukabaki nawe, na foili ikawa imeshafika chini. Kama unataka kujua iwapo kamba moja inaweza kufanya kazi zote mbili, lina swali lake kwenye sehemu ya kamba ya mpandaji.

Foili ikichomoka haitaelea?

Haitaelea, na wengi hawaamini mpaka waone. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi. Alumini ya ujazo huohuo ni kilo 2.7, na kaboni iliyogandishwa kwa epoksi ni karibu kilo 1.6. Milingoti mingi ya alumini ina uwazi ndani, lakini maji huingia kupitia matundu ya skrubu na uwazi huo hausaidii tena.

Chukua foili ya alumini ya kilo 4. Inasukuma pembeni maji ya lita moja na nusu tu, kwa hiyo ikiwa majini bado inavuta kwenda chini kwa uzito wa kilo mbili na nusu. Tena haizami wima kama jiwe. Mabawa yake yanateleza ndani ya maji kama karatasi inavyoteleza hewani, kwa hiyo hata ukiweka alama mahali ilipochomokea, yenyewe inaweza kulala mita kadhaa pembeni. Kwenye maji yenye tope ndiyo basi.

Bolti nne za chuma cha pua zinatosha. Kwa nini niongeze kamba?

Bolti zenyewe ni imara. Tatizo ni nguvu ya wenzo. Mlingoti wa sentimita 80 ni mkono mrefu wa wenzo, wakati umbali kati ya bolti za mbele na za nyuma kwa kawaida ni sentimita 16.5 tu. Nguvu yoyote inayosukuma bawa kwenda nyuma inafika kwenye bolti ikiwa imeongezeka karibu mara tano. Bawa likigonga mchanga kwa nguvu ya kilo 50, jozi ya bolti za mbele inavutwa kwa zaidi ya kilo 240. Na kilo 50 si pigo kubwa kwa mtu mzima aliye kwenye mwendo.

Kinachoachia mara nyingi si bolti bali kile kilichoishika: mdomo wa reli, au gundi na povu vinavyoizunguka reli. Mimi nilijifunza kwa pigo moja la mchanga kwenye maji yaliyofika kiunoni. Nilipogeuza ubao, nati mbili za mbele zilikuwa zimeng'oka na vipande vya reli, na reli imefunguka kama mdomo wa samaki. Bolti zilikuwa nzima, zinang'aa, bado zimekaza kwenye bamba. Foili ilikuwa inaning'inia kwa kamba ya milimita 4.

Sababu ya pili haina kishindo: bolti hulegea zenyewe. Mtetemo wa saa nyingi, bamba linalojikalia, nati iliyokaa vibaya. Bolti moja ikitoka, tatu zinabeba mzigo wa nne.

Nani anaihitaji zaidi?

Anayeendesha kwenye kina kikubwa, kwenye mawimbi, mbali na ufuko, au kwa reli ambazo hajui zimetengenezwaje. Ubao uliotumika ambao ameununua kwa mtu mwingine uko humo. Kwenye ziwa dogo lenye kina cha kiuno, ambako utaiokota foili kwa mkono, kamba si lazima. Mimi huifunga hata huko, kwa sababu tabia ya kufunga leo na kuacha kesho ndiyo inayosahaulisha siku inapohitajika.

## Kufunga

Nifunge wapi kwenye ubao?

Swali hili ndilo linalobeba mengine yote, na ndilo linalokosewa zaidi. Kanuni ni moja: kamba isishikwe na kitu kilekile inachokilinda. Ukiweka nati ya ziada ndani ya reli na kuifunga kamba hapo, umejilinda dhidi ya bolti kulegea, lakini reli iking'oka itaondoka na bolti, nati, kamba na foili, vyote pamoja. Nimeona ubao uliofungwa hivyo. Kilichorudi ufukoni ni ubao wenye mtaro.

Mahali pazuri ni kile kishikizo cha kamba kilichojengwa sitahani, ule mfereji mdogo wenye kipini katikati. Kimewekwa kwa ajili ya kuvutwa na kiko mbali na reli. Kama kiko karibu na mkia, kamba inapita nyuma ya mkia na kurudi chini hadi kwenye mlingoti. Mahali pa pili ni matundu ya skrubu za mikanda ya miguu. Weka skrubu yenye kitanzi cha utepe imara badala ya mkanda usioutumia. Mahali pa tatu, kwa mbao za bawa la mkononi (tanga linaloshikwa kwa mikono na kumvuta mpandaji), ni mpini wa kubebea ulio tumboni. Mpini uliojengwa kama sehemu ya ubao unafaa sana, kwa sababu kamba haizunguki ukingo wowote. Mpini wa utepe ulioshikwa kwa skrubu mbili ndogo uangalie kwanza.

Na kwenye foili nifunge wapi?

Chini kidogo ya bamba la juu, kwa kuzungusha kamba kwenye mlingoti wenyewe. Bolti zikitoka, foili inataka kushuka, kitanzi kinapanda hadi kwenye bamba, na bamba linakizuia kwa sababu ni pana kuliko mlingoti. Baadhi ya mabamba yana tundu la ziada ambalo halitumiki kwa bolti. Kama lako lina tundu hilo na kingo zake si kali, pitisha kamba humo. Ukiweza, fanya yote mawili.

Usifunge chini kwenye fyuselaji, kule mlingoti unakokutana na mabawa. Kamba itakuwa ndani ya maji muda wote, itavuma, itakokota, na inaweza kuvuta hewa kushuka kandokando ya mlingoti hadi bawa likose maji safi na kukuangusha ghafla.

Kamba ya aina gani?

Dyneema, yaani nyuzi za polithini zilizonyooshwa, ndiyo inayofaa kuliko zote ninazozijua. Ni nyepesi kuliko maji, hainyonyi maji, karibu hainyooki, na ya milimita 4 yenye ubora inabeba zaidi ya kilo 1,000 kabla ya kukatika. Fundo linaweza kula hata nusu ya nguvu hiyo, na bado inabaki ya kutosha.

Watu huuliza nguvu yote hiyo ni ya nini ikiwa foili majini ina uzito wa kilo mbili na nusu. Jibu ni wimbi. Foili iliyochomoka ni kama nanga pana. Bawa la sentimita za mraba 1,500 likivutwa ubapa ndani ya maji kwa mita 3 kwa sekunde linakataa kwa nguvu inayozidi kilo 80, na wimbi linaubeba ubao kwa kasi hiyo bila shida.

Nailoni haifai sana kwa sababu hunyooka ikilowa. Kamba za viatu, za pazia, au zile za plastiki za kufungia mizigo hazifai kabisa. Mikanda ya plastiki ya kujifunga yenyewe, ile ya mafundi umeme, hupasuka baada ya jua la miezi michache.

Iwe na urefu gani?

Fupi. Foili iliyoachia ni visu viwili kwenye ncha ya fimbo, na kila sentimita ya ulegevu inakiongezea kisu hicho eneo la kuzunguka. Mimi huacha upana wa vidole viwili kati ya kamba na ubao pale inapofika kwenye mlingoti. Ulegevu huo unatosha kusogeza mlingoti kidogo mbele au nyuma kwenye reli bila kufungua fundo. Kama unaisogeza foili mara kwa mara kwa sentimita nyingi, funga upya kila mara badala ya kuacha kamba ndefu ya kukidhi nafasi zote.

Kuna hoja kwamba kamba fupi inaiacha foili iupige ubao. Ni kweli, itaupiga. Ubao unazibwa. Paja halizibwi kirahisi.

Fundo gani, maana Dyneema huteleza?

Huteleza sana, na fundo la kawaida linaloshika kwenye pamba linaweza kujifungua lenyewe kwenye Dyneema. Njia rahisi ni kutengeneza duara: chukua kamba, unganisha ncha zake mbili kwa fundo la mvuvi la kuzungusha mara mbili, ambapo kila ncha inauzunguka mwili wa mwenzake mara mbili kabla ya kupita ndani. Kwenye Dyneema zungusha mara tatu. Acha mikia isiyopungua sentimita 5, kisha livute fundo kwa uzito wa mwili wako, kamba ikiwa imepitishwa kwenye mpini imara. Mikia ikisogea, fungua urudie. Ncha zichomwe kwa moto kidogo zisichambuke.

Anayejua kuunga kamba kwa kuiingiza ndani ya tumbo lake yenyewe afanye hivyo. Kiungo cha namna hiyo hupoteza nguvu kidogo sana na hakina kinundu.

Niambie mwanzo hadi mwisho, nikiwa na ubao mbele yangu.

Laza ubao chali juu ya nyasi au taulo, foili ikiwa imefungwa na kukazwa tayari. Uwe na duara la kamba uliloliandaa. Lipitishe chini ya kipini cha kishikizo cha sitahani, kisha upande mmoja wa duara uupitishe ndani ya upande mwingine na kuvuta, likaze lenyewe kwenye kipini. Sasa una mikono miwili ya kamba inayoenda pamoja kuelekea mkiani.

Pale zinapopinda kwenye ukingo wa mkia, zivalishe kipande cha bomba laini la plastiki chenye urefu wa kiganja. Usiruke hatua hii: kamba nyembamba ikivutwa ghafla inaingia kwenye faiba na povu kama uzi kwenye mkate. Zilete chini hadi kwenye mlingoti. Kama duara ni refu vya kutosha, lizungushe mlingoti mara moja na uliunganishe na mikono yake kwa pingu ndogo ya chuma cha pua yenye pini ya kuzungusha, ukiikaza pini kwa koleo. Kama ni fupi, tumia duara la pili linalozunguka mlingoti, na pingu iwe kati ya haya mawili.

Sasa sukuma kitanzi juu kabisa, kigusane na bamba. Pitisha kidole chini ya kamba kuona ulegevu. Kisha ushike mlingoti, uvute juu kwa nguvu zako zote na kutazama kila mahali kamba inapogusa kitu. Palipo na ukingo mkali utapaona hapo hapo.

Haitanipunguzia kasi?

Ukiwa umeinuka, sehemu ya juu ya mlingoti iko hewani na kamba nayo iko hewani. Utaihisi kidogo tu wakati wa kuanza, ubao ukiwa bado umelala majini. Kama unasikia mvumo ukiwa umeinuka, kamba ni legevu au kitanzi kimeshuka.

Ubao wangu hauna kishikizo popote.

Kuna vishikizo vya kubandika kwa epoksi. Vibandike kwenye sitahani au tumboni angalau kiganja kizima kutoka ukingo wa reli, sio juu ya eneo la reli lenyewe. Kwangua rangi kwa msasa hadi uone faiba, futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, bandika, halafu uache gundi muda wote ulioandikwa kwenye kopo. Saa tatu za haraka ya kutaka kuingia majini zimeshang'oa vishikizo vingi. Usitoboe ubao mwenyewe kama hujawahi. Tundu lisilozibwa sawasawa linaingiza maji kwenye povu.

## Bolti na reli

Kwa nini ukurasa wa kamba unazungumzia bolti?

Kwa sababu kamba haizuii ajali. Inazuia hasara tu baada ya ajali. Kinachozuia foili kuchomoka ukiwa juu yake, kwa mwendo, ni bolti na reli.

Bolti ziwe na urefu gani?

Nyingi ni za M8, na urefu unategemea unene wa bamba lako. Ikiwa fupi mno, inashika nyuzi mbili tatu za nati na kuzing'oa. Ikiwa ndefu mno ni mbaya zaidi, kwa sababu haionekani: ncha inagusa sakafu ya reli, wewe unahisi imekaza, kumbe inaisukuma nati juu na kuipasua reli kutoka ndani. Pima hivi: ingiza bolti kwenye bamba, zungusha nati nje ya ubao mpaka nyuzi zake zote zishikwe. Ncha ilingane na uso wa nati au itokeze kidogo tu. Kisha pima kina cha reli kwa kijiti na ulinganishe.

Nikaze kiasi gani?

Fuata kipimo cha mtengenezaji wa foili kama amekitoa. Kama hana, tumia spana fupi ya L iliyokuja na foili, kwa mkono mmoja, bila kuirefusha kwa bomba. Anza zote nne kwa vidole, halafu zikaze kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo, bamba likae sawa. Ingia majini dakika kumi, toka, kaza tena. Karibu kila mara moja itakubali robo mzunguko.

Dawa nzuri ya kulegea ni kalamu ya wino usiofutika: chora mstari mmoja unaovuka kichwa cha bolti na kuendelea kwenye bamba. Kila utokapo majini tazama kama mistari minne bado imenyooka. Uliovunjika unauona ukiwa umesimama.

Maji ya chumvi yanaharibu nini?

Chuma cha pua, alumini na kaboni vikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka bolti. Paka grisi ya baharini kwenye nyuzi, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na fungua bolti baada ya kila siku ya bahari badala ya kuziacha wiki nzima. Grisi inasaidia pia bolti na nati za chuma cha pua zising'ang'aniane. Zikishang'ang'aniana hazifunguki bila kukatwa. Chagua chuma cha pua chenye alama ya A4. A2 hupata kutu mapema zaidi baharini.

Nitajuaje reli inaanza kuachia?

Pitisha ukucha pembeni mwa reli, mahali inapokutana na tumbo la ubao. Ukucha ukinasa kwenye ufa mwembamba kama unywele, hasa karibu na bolti za mbele, ubao huo uende kwa fundi. Halafu gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia mbali ukikaribia reli. Sauti kavu ikigeuka kuwa nzito na butu, ngozi ya ubao imeachana na povu au kuna maji. Ishara nyingine unaihisi kwa miguu: ubao unakwenda upande mmoja na foili inachelewa nusu sekunde kufuata.

## Kamba ya mpandaji

Naweza kuifunga kamba yangu ya mguuni kwenye mlingoti, ikashika vyote?

Usifanye hivyo. Kwanza, foili ikichomoka utakuwa umefungwa wewe na visu, bila ubao unaoelea kati yenu. Pili, foili inakuvuta mguu kwenda chini huku ubao, ambao ndio boya lako, unaondoka na upepo. Mpangilio sahihi ni mnyororo: wewe kwa ubao, ubao kwa foili.

Ya kujikunja kama waya wa simu, au iliyonyooka?

Kwa bawa la mkononi, ya kujikunja inayofungwa kiunoni ina faida: haiburuti majini na haizongi miguu. Kwenye mawimbi, iliyonyooka na ndefu kuliko ubao ni salama zaidi, kwa sababu inaiweka foili mbali nawe unapoanguka.

Hatari ya kila kamba inayonyooka ni kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kamba za kwanza za ubao wa mawimbi zilikuwa za mpira laini wa hospitali, na Jack O'Neill, mmoja wa waanzilishi wa mavazi ya mpira ya waogeleaji, alipoteza jicho la kushoto ubao uliporudishwa na kamba ya namna hiyo. Ule ulikuwa ubao mtupu, usio na foili. Ukianguka, funika kichwa kwa mikono yote miwili na usitokeze uso kabla hujajua ubao uko wapi. Helmeti ivaliwe.

Kwenye kaiti, yaani tiara kubwa inayomvuta mpandaji, je?

Wengi hawafungi kamba ya ubao kabisa, na nakubaliana nao. Kaiti inakuvuta kwa nguvu mfululizo, kamba inanyooka hadi mwisho, na foili inarudi kwako kama mkuki. Jifunze kurudi kwenye ubao kwa kujiburuta majini. Kamba ya foili, ya kati ya ubao na mlingoti, inabaki kuwa na maana ileile.

Na kwenye mto au mkondo mkali?

Usifunge kifundo cha mguu. Kamba ikinasa kwenye mti au nguzo, maji yatakulaza kifudifudi na hutaufikia mguu wako. Tumia mkanda wa kiunoni wenye kiachio cha haraka unachokifikia kwa mkono wowote, uvae jaketi okozi, na ujizoeze kukiachia ukiwa umefumba macho.

## Mambo yasiyotokea kila siku

Foili imechomoka na inaning'inia kwa kamba. Nifanyeje?

Usiivute kwako. Lala juu ya ubao kwa tumbo, vuta magoti yasining'inie nyuma, na piga makasia kwa mikono polepole ukielekea maji tulivu. Foili itafuata chini yako ikiwa na bawa la mbele mahali usipopajua, kwa hiyo usishuke mpaka uwe na uhakika wa kina. Kwenye mawimbi yanayovunjika hesabu nyingine inaanza: kama foili inaurusha ubao na kukukaribia, achia kamba yako wewe, uogelee pembeni. Mali itapatikana au haitapatikana.

Kama hali ni tulivu na bolti mbili bado zimeshika, usijaribu kusimama tena. Rudi umelala.

Mlingoti ukivunjika, kamba itaishika?

Ikiwa umevunjika chini ya kitanzi, hapana. Kitanzi kitabaki na kisiki na sehemu ya chini itazama. Kinga pekee ya hilo ni kuukagua mlingoti, hasa sentimita chache chini ya bamba, na kutoendesha uliopata ufa.

Ubao wangu ni wa kujaza upepo.

Hizi zina pete za D zilizobandikwa kwenye utepe. Tumia pete, sio vali wala mshono. Pete moja inaweza kubanduka kwa mvuto wa ghafla, kwa hiyo gawa mzigo kwa pete mbili ikiwa zipo. Kagua kama bamba la foili limeshikwa na kipande kigumu kilichobandikwa tumboni. Kipande hicho ndicho reli yako, na kanuni ya kutofunga kamba juu yake ni ileile ya swali la mahali pa kufunga kwenye ubao.

Foili yangu inaingia kwenye sanduku la Tuttle, yaani tundu ndani ya ubao linalopokea kichwa cha mlingoti; haina bamba.

Kichwa cha Tuttle huchongoka kwenda juu na bolti hutoka sitahani, kwa hiyo kitanzi cha kuzunguka mlingoti kinaweza kukosa kitu cha kukizuia na kuteleza hadi kutoka. Tazama kama kuna bega pale kichwa kinapokutana na mlingoti. Kama halipo, usijidanganye kwa kitanzi. Weka washa pana chini ya vichwa vya bolti, zikague kila siku, na kamba uifunge tu ikiwa mtengenezaji ametoboa tundu kwa ajili yake.

Ya umeme, yenye injini?

Waya wa umeme si kamba ya usalama, na ukivutwa utang'oka na kuingiza maji kwenye sanduku la betri. Kamba ya foili iwe fupi kuliko ulegevu wa waya, ili yenyewe ndiyo ivutwe kwanza, na isiwe na mkia wowote unaoweza kufika kwenye propela. Foili hizi ni nzito zaidi kwa sababu ya injini, kwa hiyo tumia kamba ya milimita 5.

Kamba idumu muda gani?

Hakuna tarehe. Ikunje kati ya vidole kila baada ya wiki chache. Ikiwa imekuwa na manyoya mahali inapogusa ukingo, au sehemu moja imekuwa ngumu na kung'aa kuliko nyingine, ikate na ufunge mpya. Iliyowahi kushika foili kweli, hata mara moja, itupe siku hiyohiyo, na kishikizo chake kivutwe tena kwa mguu ukiwa umekanyaga ubao kabla hakijaaminiwa.